Tujifunze Kuuguza Kabla ya Kuzika

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme neno, alipendekeza nizungumzie nafasi ya kijana katika ajira. Nadhani alifikiri kwamba kwa kuwa mimi ni afisa utumishi wa halmashauri, basi ajira nazibeba mfukoni. (Kicheko.) Nilimjibu kwamba ningependa kusema habari ya kuwauguza watu ambao hawatapona, na jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kufundishwa kazi hiyo. Alikaa siku 3 bila kujibu. Halafu akaandika: "Sawa, lakini usiwatie watu huzuni kabla ya chakula." Nitajitahidi, Ndugu Katibu, ijapokuwa siahidi.

Wale tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1993 tunamkumbuka golikipa wetu. Jina lake silitaji, kwa kuwa sikumwomba mjane wake ruhusa ya kulisema jukwaani. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu, miaka 4 mfululizo. Nikishuka usiku kwenda msalani nilimkanyaga mguu, naye hakukosa hata siku moja kunitukana kwa lugha ya kwao, mpaka nami nikajifunza matusi yale yote na maana zake.

Mwaka 2016 alipata saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ilipogunduliwa, hata uji ulikuwa umeanza kumkwama. Katika hospitali moja kubwa ambayo sina haja ya kuitaja, ndugu zake waliambiwa, "Mrudisheni nyumbani, hapa hatuna la kufanya zaidi." Wakapewa vidonge vya kutuliza maumivu, vile vile tunavyomeza sisi tukiumwa kichwa. Wamezeshe vipi vidonge mtu ambaye mate yake mwenyewe yanamshinda, hilo hawakuelezwa.

Alirudi kwa baba yake, kilometa 30 hivi kutoka ofisini kwangu. Aliishi miezi 4. Katika miezi hiyo 4 nilikwenda kumwona mara moja. Nilibeba boksi la juisi na trei ya mayai, kumpelekea mtu asiyeweza kumeza! Nikakaa kwenye kiti, nikatazama ukuta, nikamwambia, "Utapona tu kaka, Mungu yupo." Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau, akasema kwa sauti ndogo, "Kaa kidogo." Nikamwambia nina kikao. Ni kweli nilikuwa na kikao; lakini kikao kile kilikuwa cha saa 9 alasiri, na wakati ule ilikuwa saa 5 asubuhi.

Alipofariki tulikuja. Ndugu zangu, mnakumbuka tulivyokuja! Kosta 2 zilijaa. Shada la maua lilikuwa na rangi za shule. Turubai na viti tulikodi sisi, mchele na mafuta tulileta sisi, na rambirambi ilisomwa hadharani watu wakaguna kwa kiasi chake. Mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu, na nilisifiwa kwa kuusoma vizuri. Jioni, watu walipokuwa wanapanda magari, mjane wake alinisogelea akaniambia, bila hasira yoyote, "Shemeji, tunashukuru sana. Alikuwa anauliza mko wapi."

Neno hilo nimeishi nalo. Nimelipima kwa muda mrefu, na sikufikia kuamini kwamba sisi ni watu wabaya. Watu wabaya hawajazi kosta 2. Hatukwenda kwa sababu hatukujua la kufanya tukifika. Msibani kila mtu anajua kazi yake. Vijana wanachimba kaburi, kina mama wanakwenda jikoni, mwenye sauti anaongoza nyimbo, mwenye gari anafuata jeneza au anatafuta sanda, mwenye daftari anaandika michango. Kazi hizo tumefundishwa tangu utoto kwa kutazama wakubwa. Lakini kwa mgonjwa ambaye daktari amesema hatapona, mkubwa mwenyewe anasimama mlangoni hajui akae au aondoke, na mtoto anayemtazama anajifunza kusimama mlangoni.

Hata sheria zetu zinafanana nasi katika jambo hili. Niruhusuni dakika moja ya kazi yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34, ilipopitishwa ilimpa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake. Kwa mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa, siku hizo zilitajwa kwa kifo tu. Mama yako akiugua mpaka mwisho, kifungu kile hakikukupa siku, akishakufa kilikupa. Simlaumu aliyeandika. Aliandika kama sisi sote tunavyofikiri.

Mimi nilipata bahati ya kufundishwa, na ilitokea hivi. Mwaka 2019 baba yangu mzazi aliugua saratani ya tezi dume, na ilipojulikana ilikwisha kuingia mifupani. Wanaojua maumivu ya mifupa ya namna ile wananielewa. Mzee alikuwa hawezi kuguswa na shuka. Safari hii palikuwa na tofauti moja. Hospitali ya misheni iliyo karibu na kijiji chetu ilikuwa na muuguzi aliyesomea tiba shufaa. Wanafunzi, neno hilo lishikeni. Shufaa ni neno la kale lenye maana ya kumsimamia mtu na kumwombea. Na tiba shufaa ni huduma apewayo mtu mwenye ugonjwa mzito, kumwondolea maumivu na mateso mengine ya mwili, na kumsaidia yeye na jamaa zake katika mambo ya moyo, ya nyumba na ya imani. Haingoji siku ya mwisho, na haimfukuzi mgonjwa kwenye matibabu mengine kama bado yapo.

Sista yule alikuja kwa pikipiki. Tulikuwa watoto 5 tumejipanga sebuleni, kila mmoja na maelezo yake. Alitusalimu, akatupita, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Akamwuliza baba, si sisi: "Mzee wangu, shikamoo. Katika yote haya, ni lipi linalokusumbua zaidi?" Sote tulijua jibu kuwa ni maumivu. Baba akafikiri kidogo, akasema, "Choo. Leo siku ya 6 sijapata choo, na naona haya kuwaambia watoto."

Siku 6! Nasi tulikuwa tunamwombea, tunampigia simu, tunamletea matunda.

Alishughulikiwa choo kwanza. Kisha, kwa maagizo ya daktari, akaanzishiwa mofini ya maji. Najua neno hilo linawashtua wengi, wapo wanaosema ndiyo dawa ya kumalizia mtu. Basi sikilizeni nilivyofundishwa. Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji kwa kipimo, nao huchanganywa na wataalamu wa dawa. Mgonjwa huanza kwa kiasi kidogo, hupewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa na si kwa kungoja alie, na kipimo cha kulalia mara nyingi huwa maradufu ili apate usingizi wa usiku kucha. Ikitumiwa hivyo, kwa kipimo cha mtaalamu, haimharakishii mtu kifo. Inachofanya karibu siku zote ni kufunga choo, ndiyo maana anayeandika mofini huandika na dawa ya kulainisha choo papo hapo. Pasipo na dawa hiyo, sista alitufundisha mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kijiko cha chai wakati wa kulala. Mama alicheka sana kusikia kwamba watu wamesomea mbegu za papai.

Siku ya 3 baba alikaa kitandani mwenyewe akadai redio yake.

Ndipo sista aliponiambia, "Mwanangu, wiki ijayo tunafundisha watu wa kujitolea. Wewe una maneno mengi, njoo ujifunze kunyamaza." (Kicheko.) Nilichukua siku 5 katika likizo yangu ya mwaka. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, watu 22: kina mama wengi, katekista mmoja, mwalimu wa madrasa, vijana 2 wa bodaboda, na wengine wakulima. Mtu wa Chuo Kikuu nilikuwa peke yangu, na nawaambieni bila aibu kwamba ndiye niliyekuwa mwanafunzi wa mwisho darasani.

Zoezi la kwanza lilikuwa rahisi kulieleza. Mnakaa wawili wawili mkitazamana. Mwenzako anakusimulia jambo linalomtia uchungu kwa dakika 5, nawe huruhusiwi kutoa ushauri wala kusema "usijali", wala kusimulia habari zako. Mimi nilipangwa na mama mmoja aliyefiwa na mwanawe. Hazikupita sekunde 40 nikamwambia aende ofisi ya ustawi wa jamii. Sista alisimamisha darasa zima akasema, "Afisa utumishi amepewa mtu anayelia, yeye anampa utaratibu." Nilirudia zoezi lile mara 4.

Mengine tuliyofundishwa ni kazi ya mikono, na kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayompa mtu ujasiri wa kuingia chumbani. Tulifundishwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, watu wawili wakimnyanyua kwa shuka bila kumburuta, kwa maana kumburuta ndiko kunakochuna ngozi. Tulifundishwa kubadili shuka mgonjwa akiwa bado kitandani. Tulifundishwa kumsafisha kinywa kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi kidogo, na kumpaka mafuta kwenye midomo, kwa sababu mtu aliyekwisha kushindwa kunywa huteseka zaidi kwa ukavu wa kinywa kuliko kwa kiu. Kuhusu kidonda cha saratani kinachonuka, ambacho huwafukuza jamaa hata wale wanaompenda mgonjwa, tulionyeshwa jinsi muuguzi anavyosaga kidonge cha metronidazo na kukinyunyiza juu yake, na harufu ikapungua. Nilimkumbuka mama mmoja jirani yetu, aliyekufa katika chumba cha nyuma nilipokuwa mdogo. Sisi watoto tuliambiwa tusipite upande ule. Dawa ile si ghali.

Tulifundishwa pia siku za mwisho zilivyo, na hapo ukumbi ulinyamaza kabisa. Mgonjwa huacha kula, na si kwa sababu mpishi hajui kupika; mwili umekwisha kuacha kudai. Kumlazimisha kijiko ni kumpalia. Miguu hupoa. Pumzi hukatika kidogo na kurudi. Huenda koo likakoroma kwa makohozi, na anayesikia hudhani mtu ananyongwa. Kumbe kumlaza ubavu hupunguza sauti ile. Na kwa kuwa yaaminika kwamba usikivu hubaki mpaka mwishoni, msigawane viti na mashamba mbele ya kitanda chake mkidhani hasikii.

Yalikuwapo makatazo pia. Mtu wa kujitolea hagusi dawa ila zile alizoelekezwa kumkumbusha mgonjwa. Hatoi siri ya nyumba aliyoingia. Hahubiri dini asiyoombwa. Mgonjwa akitaka padri, mchungaji au shehe, kazi yako ni kwenda kumwita. Hatoi ahadi asizoweza kuzitimiza. Na haendi peke yake kila siku mpaka achoke na yeye awe mgonjwa.

Kuna methali yetu isemayo mgonjwa haulizwi uji. Naiheshimu, maana iliwalenga wachoyo wanaouliza ili waambiwe hapana. Lakini sista aliigeuza. Alisema mgonjwa asiyepona amekwisha kunyang'anywa mambo mengi: kazi, nguvu, faragha, hata kwenda chooni peke yake. Basi aulizwe. Aulizwe kama anataka uji au hataki, dirisha lifunguliwe au lifungwe, wageni waingie au wangoje. Miongoni mwetu mwenye kipawa cha kuuliza alikuwa kijana mmoja wa bodaboda. Tulikwenda pamoja kumwona mzee mmoja mstaafu wa reli. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya wosia. Kijana akamwuliza tu, "Babu, leo ungependa nini?" Mzee akasema angependa kunyolewa ndevu. Kijana akatoka, akanunua wembe dukani, akamnyoa polepole nusu saa nzima, mimi nimeshika bakuli la maji. Ilikuwa katika kunyolewa kule ndipo mzee alipoanza mwenyewe kueleza habari ya shamba lake na watoto wa mke mkubwa, na wiki ile ile akaitwa mtendaji wa kijiji, yakaandikwa.

Wanafunzi mtataka kujua elimu hii ilitoka wapi. Kukaa na mgonjwa ni kwa kale kama watu wenyewe. Lakini kuifanya elimu yenye mafunzo na vipimo ni jambo la juzi tu. Huko Uingereza alikuwapo Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa mtumishi wa ustawi wa wagonjwa, halafu akaona kwamba madaktari hawatamsikiliza asipokuwa daktari. Akaingia masomo ya udaktari umri wake umepita miaka 30, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua hospitali ya St Christopher's mjini London. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa ngazi ya vidato 3 vya dawa za maumivu ya saratani, cha juu kikiwa mofini.

Hapa Afrika Mashariki Nairobi walianza hospisi yao mwaka 1990. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na fedha za kuendesha huduma kwa miezi 3 tu. Huduma ile imeishi mpaka leo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2025. Lakini la Uganda ninalolipenda zaidi, kama mtu wa utumishi, ni la sheria. Waliona kwamba madaktari ni wachache na wagonjwa wako vijijini. Mwaka 2004 wakabadili kanuni, wakawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya miezi 9 kuandika mofini. Hawakungoja madaktari waongezeke, walifundisha waliokuwapo.

Kwetu Tanzania Ocean Road ilikuwa kwa miaka mingi kimbilio la wagonjwa wa saratani wa nchi nzima, na tiba shufaa ilikua pale na katika hospitali za misheni kama Selian huko Arusha na Teule huko Muheza. Nanyi wa rika langu mnajua kwamba UKIMWI ulitufundisha kwa ukali. WAMATA ilianza mwaka 1989, wakati hakuna dawa, na watu wa kujitolea wakaingia nyumba ambazo jamaa walizikimbia. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 watu wakaacha kufa, tukashukuru. Nahofia kwamba tulipoiacha hofu ile tuliacha na ujuzi uliokuja nayo.

Mfano ninaotaka Chama hiki kiuangalie kwa makini ni wa jimbo la Kerala, kusini mwa India. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya ya Malappuram, watu wa mitaani walianza kujipanga wenyewe kuwaangalia majirani wasiopona. Mafunzo yao hayakuwa marefu: saa 16 za darasani na siku 4 za kufuatana na wauguzi majumbani. Wakaingia wenye maduka, walimu, wakulima, hata wanafunzi. Fedha nyingi zilitoka katika michango midogo midogo ya watu wa pale pale. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatunga sera ya tiba shufaa, baada ya kuona kwamba wananchi wamekwisha kutangulia. Saa 16! Sisi hapa tumekwisha kutumia saa nyingi kuliko hizo kujadili rangi ya fulana za mkutano huu. (Kicheko na makofi.)

Sasa nawageukia ninyi wanafunzi. Najua wapo kati yenu ambao likizo zinawakuta nyumbani na bibi au babu aliyelala. Wengine mnajua kumgeuza mgonjwa kuliko mimi nilivyojua nikiwa na miaka 40. Kwanza nawaambieni jambo ambalo wakubwa hawawaambii: si halali mtoto kuachiwa peke yake mgonjwa anayekaribia kufa, wakati wakubwa wamekwenda shamba au kazini. Likikukuta hilo, sema. Mwambie mwalimu wako wa malezi, na walimu walio hapa wanisikie. Lakini kwenda kumtembelea jirani mgonjwa, kumsomea gazeti au kitabu cha dini yake, kumchotea maji mke wake, hayo yako ndani ya uwezo wenu, na hayahitaji cheti. Na atakayetaka kuwa muuguzi asione haya kuyasema hayo mbele ya wenzake wanaotaka uhandisi.

Namalizia na habari ya baba, kisha niseme niliyotumwa na moyo wangu kuyasema kwa Chama. Aliishi wiki 7 tangu sista aje. Usiku mmoja, nikiwa zamu, aliniuliza, "Hivi nitapona?" Golikipa wetu nilimjibu kwa uongo kabla hajauliza. Baba nilimjibu kama nilivyofundishwa: "Baba, wewe mwenyewe unaonaje?" Akasema, "Naona sitapona." Nikanyamaza. Nilikuwa na maneno kumi mdomoni, nikayashikilia. Baada ya muda akaanza kunieleza mahali alipozikwa babu yake, na deni la ng'ombe mmoja ambalo mimi nilipaswa kulilipa, na jambo moja kati yake na mama ambalo halinihusu kulisema hapa. Tulikaa mpaka majogoo. Sikuwa na kikao.

Ndugu Mwenyekiti, katiba ya Chama chetu ina kifungu cha misiba. Kinampa mwanachama rambirambi anapofiwa na mwenzi, mzazi au mtoto, na familia yake hupewa anapofariki yeye. Sikitaki kifutwe. Naomba mkutano huu ukiongezee kipande: kwamba mwanachama, mwenzi wake au mzazi wake akiwa na ugonjwa usioponyeka, sehemu ya fedha ile ile iweze kutumika angali hai, kwa nauli ya muuguzi, kwa dawa, kwa godoro, kwa sabuni na glavu.

Ndugu Mhazini, nimekwisha kuzungumza naye, na ana hoja ambayo si ya kuibeza. Anasema msiba una mwanzo na mwisho, unaweza kuupangia bajeti; ugonjwa haujulikani utakwisha lini, na mfuko utakauka. Anasema pia watakuja wanachama na vyeti vya mafua. (Kicheko.) Mimi nimefanya kazi serikalini miaka mingi, najua fedha isiyo na ukomo inavyokwisha. Kwa hiyo napendekeza kiwekwe kiwango kwa mgonjwa mmoja kisichozidi nusu ya rambirambi, na kitolewe kwa barua ya mganga. Kama kutakuwa na upungufu, upunguzwe kwenye shada na kosta ya pili. Najua nimesema jambo gumu. Wapo watakaoona kwamba tunamvunjia marehemu heshima kwa kumzika bila shada kubwa. Hao nitawasikiliza katika majadiliano, ila naomba wanieleze kama walimtembelea golikipa.

Ombi la pili halihitaji fedha nyingi. Nimezungumza na timu ya tiba shufaa ya hospitali ile ya misheni, nao wako tayari kutupokea wanachama 15 kwa mafunzo ya siku 5 wakati wa likizo ya mwezi wa 6, tukijitegemea chakula. Baada ya hapo kila mmoja atapangiwa nyumba 1 au 2 katika wilaya anayoishi, awe anakwenda na mwenzake pamoja na muuguzi. Orodha ipo mezani kwa Katibu, karibu na daftari la ada. Atakayejiandikisha aandike jina lake, wilaya yake, na siku za juma anazoweza kutoka. Jina tupu bila siku sitalihesabu. La kwanza limekwisha kuandikwa tangu asubuhi, na si langu: ni la mjane wa golikipa wetu, ambaye nilimwalika na amekaa pale safu ya 3.

(Makofi.)